Alama ya Tupa Kwenye Pete ya Ata

Nakiru mwanangu,

Rangi haitoki. Mama Furaha ameniambia hivyo leo jioni kwa simu kutoka Kakuma, nami nikamtaka arudie ili nisije nikasema nilisikia vibaya. Akarudia. Hana dawa ya kuiondoa ile samawati bila dawa hiyo kuila shaba yenyewe, na akiipiga msasa, msasa utaondoka na kila mkwaruzo uliokuwa kwenye pete tangu Ata alipoivaa. Kwa hiyo pete ya nyanya yako itabaki ya samawati. Hiyo ndiyo habari ya mwisho niliyo nayo, na aliyeisema ndiye mwenye karakana ilikopakwa. Alisema na jambo la pili. Nitalifikia, ila sitaki lipite mbele ya haya mengine.

Ninakuandikia kwa sababu tangu Jumanne kila tukianza kuongea mmoja wetu anainuka mezani. Sasa hivi umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na begi lako liko mlangoni. Kesho Ijumaa unaondoka Lodwar kwenda kuanza kazi Kakuma. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kunywa, wala nani wa kumpigia ukiumwa. Umekulia hapa, joto la kule halitakuwa geni kwako. Ninataka kukueleza kilichotokea kwa mpangilio wake, kama ninavyokijua mimi. Nikikosea mahali, utanisahihisha.

Wewe unaijua pete ile kama kitu cha kwenye kisanduku. Mimi niliijua ikiwa shingoni mwa mtu. Ni alagama, pete ya shingo anayovishwa mwanamke anapoolewa, na ya Ata ilikuwa ya shaba ya njano, nene kama kidole changu cha mwisho. Nilipobebwa mgongoni niliishika kama abiria anavyoshika chuma cha pikapu. Asubuhi ilikuwa baridi. Mchana ilichoma, naye aliingiza kitambaa chini yake na kuendelea na kazi. Alipoinama kuchota maji kwenye shimo la mchangani, mtoni, iligonga ukingo wa karai, na kwa mlio huo nilijua yuko wapi hata nikiwa nacheza mbali.

Kwa mbele, chini kidogo ya kidevu, ilikuwa na mkato. Habari ya mkato huo umeisikia vipande vipande. Acha niiandike yote mara moja. Siku ya ndoa, mama yake Ata hakuiamini pete. Kulikuwa na binti wa jirani aliyevishwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na mvua ya kwanza kikaota kutu shingoni mwake. Basi yule mama akasema mbele ya watu wote, "Nitajuaje kwamba hii nayo si chuma?" Wazee wa upande wa bwana harusi wakaanza kusimama, waondoke na mifugo yao. Babu yako akamwomba mhunzi tupa. Akaisugua pete mpaka tupa ikaingia ndani, akaiinua juu watu waone. "Tazameni," akasema. "Ni njano mpaka ndani." Wazee wakakaa.

Ata akiisimulia hucheka. "Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho," husema, "babu yenu kufanya alichoambiwa na mama yangu."

Miaka yote aliyoivaa, akiwa anafikiria jambo, aliweka ukucha wa kidole gumba kwenye mkato huo na kuusogeza, huku na huku. Wakati nataka kwenda shule ya bweni, niliusikia ukucha ule kabla sijasikia jibu. Sasa macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na kivuli tu, na vitu vyake anavijua kwa vidole.

Babu alipofariki, wanawake walimpaka Ata mafuta shingoni, wakaipanua pete, wakaitoa. Mahali ilipokuwa palibaki mstari laini, mweupe kuliko ngozi nyingine. Aliifunga kwenye kitambaa akanipa mimi.

"Weka wewe. Ewoi ataiuza."

Mjomba wako Ewoi alikuwa amekaa pale pale. "Mama, niko hapa."

"Ndiyo sababu nasema."

Sote tulicheka, hata Ewoi, lakini hakufurahi. Ana duka lake Lorugum la sukari na betri, na kila mtu anajua kwamba wanunuzi wa mapambo ya zamani wakipita hawatoki kwake mikono mitupu. Ata akasema tena, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba pete hiyo avishwe mke wa Lokwang, kifungua mimba wa Ewoi, siku Lokwang atakapooa. Sijui nyumba nyingine yenye mpango kama huo. Ni neno lake tu. Nami nililikubali mbele ya mashahidi, nikaileta Lodwar, nikaiweka kwenye kisanduku cha bati chini ya kitanda changu. Lokwang anaoa Jumamosi hii.

Hapo ndipo ilipokuwa pete. Sasa nije kwenye karakana, kwa sababu aliyekutajia karakana hiyo ni mimi.

Nilikwenda Kakuma kutengeneza kipindi cha redio kuhusu mafundi wa kambi ya wakimbizi. Nilikuta washonaji, watengeneza simu, na kwenye kibanda cha mabati chenye sola juu ya paa nikamkuta Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Uvira anayepaka vito rangi kwa umeme. Nilidhani ni maneno ya kuvutia wateja. Nikakaa naye asubuhi nzima, kinasa sauti kikiwa wazi.

Nilichokiona nilikutangazia wewe na kila aliyekuwa amefungulia redio. Bangili ya shaba inaoshwa kwa dawa mpaka hakuna mafuta hata ya kidole kimoja, kwa sababu kidole kikigusa, rangi itakataa pale. Inasuuzwa kwa maji safi ya betri, yasiyo na chumvi. Maji ya visima vya kwetu yana chumvi, na chumvi inaharibu kila kitu. Halafu inatundikwa kwa waya na kuchovywa kwenye tangi la plastiki lenye kitu kinachofanana na maziwa ya rangi, ambamo mna vumbi la kauri laini kuliko unga. Umeme unawashwa. Rangi inaanza kutembea yenyewe ndani ya maji kwenda kwenye chuma, inashika kila upande, hata ndani ya tundu ambamo brashi haiwezi kufika. Ikishafunika yote inajizuia yenyewe, haiongezeki. Kisha oveni. Ikitoka imekuwa ngumu kama ganda la sahani, ukiikwaruza na ukucha unaumia wewe.

Nilimwuliza kuhusu nukta ndogo niliyoiona nyuma ya kila bangili, mahali palipobaki pa njano.

"Ile ni pahali ya waya," akaniambia. "Kwenye waya inagusa, rangi haiingie. Kila kintu inabaki na pahali moja uchi. Fundi muzuri anaificha kwa nyuma."

Nilikipenda kipindi kile. Na wewe ulikipenda kuliko wote. Uliniuliza maswali kwa wiki nzima, na nilifurahi, nikidhani nimepata mwana anayesikiliza kazi yangu. Mama Furaha alipokuja Lodwar kuchukua mzigo wake wa rangi alilala hapa kwetu. Wewe ndiye uliyemletea chai. Usiku ule nilitoa kisanduku, nikamwekea pete mkononi, nikamsimulia habari ya tupa. Akaipima uzito.

"Hii ni kintu," akasema. "Ingekaa muzuri na buluu."

"Thubutu," nikamwambia, na tukacheka, na wewe ulikuwa umesimama na birika ukacheka pia.

Nataka ukumbuke kwamba ulikuwepo.

Jumanne asubuhi niliingia kazini, na fundi wetu wa mitambo akaniamkia mlangoni kwa tabasamu ambalo si la kila siku.

"Ejok, mama. Kumbe binti yako amekuwa mtu mkubwa huko Kakuma."

"Ejok. Mtu mkubwa vipi?"

"Hujaona? Sote tumeona." Akanipa simu yake. Palikuwa na picha ya pete ya shingo, ya samawati, imewekwa juu ya kitambaa cheupe, inang'aa kama kikombe kipya. Chini yake karakana imeandika kwamba ni kazi ya fundi mpya, Nakiru wa Lodwar, na kwamba sasa wanapaka hata mapambo ya zamani ya ukubwa wowote.

Niliijua kabla sijamaliza kusoma. Rangi ilikuwa ngeni, lakini umbo lilikuwa lile lile: upande wa kushoto umebonyea kidogo, kwa sababu Ata alilalia upande huo maisha yake yote.

Nilimrudishia simu yake nikasoma habari za asubuhi kama kawaida. Kisha nikarudi nyumbani, nikavuta kisanduku kutoka chini ya kitanda.

Nikueleze jambo kuhusu kisanduku hicho. Nilipoanza kazi hii, afisa mmoja aliniambia kwamba pampu ya kisima fulani imetengenezwa, nikatangaza. Kesho yake mama mmoja alitembea kutoka huko na mtungi mtupu, akauweka juu ya meza ya mapokezi, akasema, "Haya, tangaza na huu." Tangu siku hiyo siamini kitu mpaka nikione au kisemwe na watu wawili wasiojuana. Maafisa wananichukia kwa hilo, na sijali. Lakini nyumbani kwangu nilifanyaje? Wiki ile uliporudi kutoka Kakuma mara ya kwanza, ulikokwenda kujaribiwa kazi, kabla hujaenda tena, niliona kisanduku kimesogezwa. Nikakiinua nikakitikisa. Ndani kulikuwa na kitu kizito kikagonga bati. Nikaridhika, nikakirudisha. Sikukifungua. Mtu wa redio, niliamini sikio.

Jumanne nilikifungua. Ndani ya kitambaa cha Ata, kilichofungwa kwa fundo kama lake, kulikuwa na fimbo ya alumini iliyopindwa ikawa duara.

Nakiru, mengine yote ningeweza kuyaeleza kwa mtu. Ungenijia ukiwa umeipaka pete ukasema, "Mama, nimekosea," ningekasirika, na hasira yangu unaijua, huwa inakwisha. Lakini uliketi mahali fulani na koleo, ukaipinda fimbo ile ukiipima kwa ukubwa, ukaifunga kwa kitambaa cha nyanya yako ukiiga fundo lake, kwa sababu ulijua mama yako atakitikisa kisanduku. Ulinichunguza kama ninavyowachunguza wale ninaowaandika. Ulijua nitakagua nini na nitaacha nini, ukakitengenezea kile nitakachokagua. Sijawahi kudanganywa na mtu anayenifahamu kiasi hicho.

Ulirudi jioni. Maneno yetu nayaandika hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu najua kila mmoja wetu ataanza kuyakumbuka kwa namna inayompendeza.

"Pete ya Ata iko wapi?"

Ukaangalia kisanduku kilichokuwa wazi mezani. "Iko Kakuma. Iko salama, mathe."

"Kwa nini?"

"Mama Furaha alikuwa anataka kuona kazi yangu kwa kitu kikubwa. Bangili kila mtu anaweza. Ukipaka bangili hakuna mtu anashtuka."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Si ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo hiyo sasa."

"Na hii?" Nikainua ile ya alumini.

Ukakifunika kisanduku. Kisha ukasema, "Ni rangi tu, mathe. Pete iko ndani bado." Ukaingia chumbani kwako, na tangu wakati huo tunaongea habari za chumvi na funguo.

Jumatano alinipigia Ewoi. Lorugum kuna simu kama kwingine, na picha ilikuwa imefika.

"Dada, nasikia pete ya mama iko dukani Kakuma, inauzwa kwa wazungu."

"Haiuzwi."

"Na hiyo buluu ni ya nini?"

"Imepakwa."

"Imepakwa au imebadilishwa? Maana mimi naijua pete ya mama. Ilikuwa shaba. Hii naona ni kama ya plastiki." Alikuwa anafurahia, na sikumlaumu, miaka yote hii amebeba lile neno la Ata. "Mimi ndiye niliyesemwa kwamba nitaiuza. Na wewe ndiye uliyepewa. Sawa. Ilete Jumamosi, mama aishike mwenyewe."

"Nitaileta."

"Tutaona."

Unaelewa sasa mambo yalipo. Jumamosi, mbele ya ukoo na wageni, Ata atapewa pete amvishe mke wa Lokwang. Haoni. Atakachopewa kina umbo la pete yake, na uzito wake, lakini ngozi yake ni nyingine. Nimeishika, ila sikuvumilia kuigeuza wala kuitazama. Jana nilimtumia Mama Furaha ujumbe airudishe, akaituma na dereva wa pikapu, nikaipokea leo mchana. Shaba ya Ata ilikuwa na mikwaruzo mia, ilishika kidole. Hii inateleza, mikwaruzo midogo yote imejazwa, ni kama kushika shingo ya chupa. Akisema hii si yake, atakuwa anasema kweli kwa kadiri ya vidole vyake, na Ewoi hatahitaji kuongeza neno. Mimi nitakuwa binti aliyeuza pete ya mama yake akaleta bandia. Ata hatanifokea. Atanyamaza, na atafariki akijua kwamba alichagua mtoto asiyefaa.

Sasa simu ya jioni hii.

Nilimpigia Mama Furaha kwa mambo mawili: rangi, na kama alijua. La rangi nimeshakueleza. Kwa lile la pili alianza hivi:

"Mama Nakiru, usikasirike. Mutoto alisema ni kintu ya kwake."

"Mama Furaha, pete hiyo uliishika kwenye meza yangu. Nilikusimulia habari ya tupa, ukacheka."

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, mtu mmoja akiuliza bei kwa Kisomali.

"Njo vile," akasema. "Nilijua."

"Na ukaiacha iingie kwenye tangi."

"Miye niko na karakana, haina wateja. Weye uko na mutoto wa akili. Nikasema: mama yake ataona uzuri yake, atasahau."

"Sijasahau."

"Nasikia."

Nilimpenda kwa kujibu hivyo, na hilo halipunguzi kitu. Nilimpa saa nzima ya redio, nikampa kitanda, nikampa habari ya familia yangu ambayo sijawahi kumtangazia mtu, naye akaiona kama bidhaa ya kuweka kwenye picha. Kesho unaenda kufanya kazi chini yake. Sikukatazi. Mikono yake ni mizuri kuliko ya fundi yeyote niliyewahi kumhoji, na usipojifunza kwake sijui utajifunza kwa nani huku kwetu. Ila ujue unafanya kazi na mtu ambaye, akiwa na shida, anajua la haki na anafanya lingine, kisha ukimwuliza anakubali. Wapo wabaya kuliko huyo. Nimefanya kazi na wasiokubali. Mpime kwa hilo, na usimpe cha kushika ambacho hutaki kikapakwe.

Nilikuwa nakaribia kukata simu ndipo akasema lile jambo.

"Kuko kintu moja. Ile siku ya kuchovya, nilimwambia Nakiru atundike waya kwa nyuma, kule kwenye shingo haionekane. Akakataa."

"Alikataa vipi?"

"Akasema waya ikae kwa mbele, pale kwenye kidonda ya tupa. Nikamwambia, weye, utaharibu kazi, pahali ya uchi itabaki mbele, kila mutu aone. Tukabishana sana. Akasema hapana, hapa pasiguswe. Ni vile tu. Hata picha alipiga akigeuza upande ile isionekane, sababu miye nilitaka."

Nikamshukuru, nikakata simu. Nikachukua pete na tochi.

Ni kweli. Ndani ya mkato hakuna rangi. Kuna mstari mfupi wa shaba ya njano, mpana kama punje ya mtama, na samawati imeishia ukingoni mwake pande zote mbili. Niliweka ukucha wangu. Unaingia. Unashika. Ukiusogeza huku na huku unasikika, kwa mlio ule ule ambao sikuwa nimeusikia tangu Babu alipofariki.

Sitaweka maneno mdomoni mwako. Nimewakatalia wengi wanaotaka niwaandikie sababu nzuri baada ya kitendo, na siwezi kukuandikia wewe. Inawezekana ulimwonea Ata haya. Inawezekana ulitaka kuona rangi inaishia wapi. Inawezekana ulijua tangu mwanzo kwamba siku moja mtu asiyeona atahitaji kujua kilichomo ndani, ukamwachia mlango. Msemaji wa hilo ni mmoja tu, naye ni wewe, na hujaniambia. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba fundi mwenye akili alikubali kuharibu uso wa kazi yake ya kwanza kubwa ili mahali hapo pabaki.

Na ninachoweza kuthibitisha pia ni ile fimbo ya alumini. Vyote viwili ni mikono yako. Nimekaa hapa nikijaribu kimoja kifute kingine, na hakifuti.

Hujaniomba msamaha, na mimi sijakusamehe. Nisingependa uondoke ukidhani barua hii ni msamaha kwa sababu ni ndefu. Ninachokipata nikijipekua ni uchungu wa mtu aliyeibiwa na mwenye funguo. Labda utapungua. Ukipungua nitakwambia, sitajifanya kabla ya hapo, na wewe usijifanye huoni. Tumejifanya vya kutosha ndani ya nyumba hii, wewe na fundo lako, mimi na kutikisa kisanduku.

Lakini kuna kitu kimoja ninakijua kutokana na kazi hii, na ndicho pekee ninachokupa cha kubeba. Miaka yote nimeona watu wakiniletea wasemaji badala yao. Kaka, wakili, mama mzazi. Anayetuma mtu amsemee huwa anakwenda akizidi kuwa mdogo, hata kama msemaji wake ni hodari. Nimekuwa nikikusemea tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Kwa walimu, kwa Ewoi, kwa Ata mwenyewe ulipovunja kibuyu chake. Nilipanga kukusemea na Jumamosi. Nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno ya kumwambia Ata, maneno mazuri, ya kuomba radhi bila kukutaja. Nimeyachana.

Pete iko ndani ya begi lako. Nimeifunga kwenye kitambaa cha Ata, na fundo nimelifunga mimi, kwa namna yangu, ili asije akadhani ni lake. Usikitafute kisanduku, nimebaki nacho, na ile ya alumini imo ndani. Siitupi. Nitakuwa naitikisa mara moja moja.

Kesho nenda Kakuma kama ulivyopanga, ukaripoti kazini, ukamwambie Mama Furaha kwamba Jumamosi huna nafasi. Nimeshamtumia ujumbe, amejibu sawa. Jumamosi panda gari la kwanza la kurudi Lodwar, kisha pikipiki mpaka Lorugum. Sitakungoja stendi. Nitakuwa nimeshafika kwa Ewoi, nimekaa na wanawake upande wa Ata, mikono yangu mitupu na kila mtu akiiona mitupu. Ewoi ataniuliza pete iko wapi. Nitamwambia iko njiani.

Ukifika, usinipe mimi. Nenda kwa Ata, umsalimu, umwambie jina lako na ulichofanya, chote, pamoja na kisanduku. Kisha mpe. Atauliza mbona inateleza, na utamjibu wewe. Usimshike kidole ukampeleka kwenye mkato. Mwache autafute mwenyewe.

Tunaanza saa nne asubuhi.

Mama yako